Mkono wa Kulia wa Kikaragosi

Paukwa!

Pakawa!

Ndiyo kuitikia huko? Mihogo yangu mmeila yote, halafu mnaitikia kama mmetoka kung'olewa meno. Paukwa!

Pakawa!

Haya, angalau. Sogeeni basi, na aliyekaa upande wa moshi asininung'unikie, amechagua mwenyewe.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, jogoo akizungumza na mtu na mtu akimjibu bila kushangaa, palikuwa na vijiji viwili. Huku Kichangani, kule Udongoni, na katikati mto na daraja la magogo matatu. Watu wake walioana, walizikana, waliazimana vyombo. Na kila kijiji kilikuwa na kikaragosi chake, mtu wa kitambaa aliyejazwa sufi, kimo chake kama mtoto wa miaka mitano.

Msidhani vilikuwa vya kuchezea. Vilikuwa vya ugomvi. Vijiji vikikosana, kila kimoja kilimkata kikaragosi wake mkono wa kulia na mguu wa kulia, vikatupwa mtoni. Mkono ndio uliokuwa ukisalimia, mguu ndio uliokuwa ukivuka, kwa hiyo salamu zimekwisha na kuvuka kumekwisha. Siku ya kupatana hushonwa mkono mpya na mguu mpya, vikaragosi wakakutanishwa katikati ya daraja, wakapeana mkono wa kulia, watu wote wanaona. Wakipeana, daraja limefunguka. Wakishindwa, kila mtu arudi kwao, mpaka mvua saba zipite, ndiyo miaka saba.

Sasa huku Kichangani alikuwepo mama mmoja mshonaji, Bi Mwanamize. Alikuwa na binti mmoja tu, Siwema, aliyemfundisha sindano tangu hajaota meno ya ukubwani. Siwema akaolewa Udongoni, na wiki ile ile ya harusi vijiji vikagombana. Mnajua kwa nini? Sufuria! Sufuria kubwa la pilau la Kichangani lilirudi kutoka harusini limebonyea ubavuni. Wa huku wakasema, mmelibonyeza. Wa kule wakasema, mmelileta hivyo hivyo. Basi, watu wazima na ndevu zao wakakata mikono, wakakata miguu, chubwi, chubwi, mtoni.

Siwema akabaki kule, mama yake huku. Mwaka ukapita, Siwema akajifungua. Kila Bi Mwanamize akienda kuteka maji alisikia kitoto kinalia ng'ambo, kinalia kwa puani kama marehemu babu yake, naye hajakiona hata unyayo. Alisimama kusikiliza mpaka mtungi ukafurika ukamlowesha miguu. Ilimuuma, wenzangu, ilimuuma sana.

Siku moja Jumbe Mwinyigogo akaja mlangoni.

"Hodi, Bi Mwanamize."

"Karibu, Jumbe."

"Tumechoka na sufuria. Tunapatana siku ya tatu, jua likiwa utosini. Shona mguu, shona mkono. Kitambaa hiki hapa, cha kahawia ni cha mgongo wa mkono, cheupe cha kiganja. Kinatosha mikono mitatu, usiniombe kingine."

"Mitatu ya nini, Jumbe? Mimi nashona mmoja."

"Bibi zetu walisema hivyo hivyo," akajibu Jumbe, akaenda zake.

Bi Mwanamize akacheka. Akaanza na mguu. Mguu ni kifuko tu, unashona, unajaza sufi, halafu vidole unavichora juu kwa uzi mweusi, kikubwa unakiweka unapotaka. Hata jua halijapanda, mguu wa kulia umekwisha. Akaupiga kofi la mapenzi, akasema, "Nakuja, mjukuu wangu."

Akashika mkono. Mkono si kama mguu, vidole vyake hukatwa kwanza. Akalaza kiganja chake cha kulia juu ya kitambaa cha kahawia, akakizungushia mkaa. Akakata, akashona. Alishona upande wa ndani, kama kila mshonaji anavyoficha mshono. Kisha akapindua, akasukuma vidole kwa kijiti, akaupima na mkono wake.

Kushoto.

"Ala!" akasema Bi Mwanamize. Akautazama mkono wake, akautazama wa kitambaa. "Nimeshona wa kulia! Huu umetoka wapi?"

Jogoo alikuwa kizingitini akichokoa mchwa. "Kwani hukuupindua, mama?"

"Nimeupindua."

"Basi nao umepinduka. Wa kulia ukiupindua unakuwa wa kushoto. Kesho shona wa kushoto, utatoka wa kulia."

Bi Mwanamize akalirudia neno hilo usiku kucha. Nashona kushoto, unatoka kulia. Nashona kushoto, unatoka kulia. Asubuhi akamkalisha kikaragosi mbele yake, akachora wa kushoto, akashika mkasi.

"Mama," akaita mjusi kutoka kwenye boriti, kichwa chini miguu juu. "Huyo anakutazama wewe. Mkono unaokosekana uko upande wako upi?"

Bi Mwanamize akatazama. "Wa kushoto."

"Na kwake ni upande upi?"

"Wa kulia. Ngoja... kulia kwake ni kushoto kwangu?"

"Umeona? Geuza."

Kweli, jamani, si mnaona wenyewe ni kweli? Ndiyo ubaya wake. Bi Mwanamize akageuza. Akakata, akashona. Akapindua, akasukuma vidole, akaupima na mkono wake.

Kushoto.

Akakaa chini. Akaanza kujishika mikono yake mwenyewe, huu wa kula, huu wa kuoshea, huu wa kula, huu wa kuoshea. Chakula cha jioni alikila kwa kijiko, kwa sababu hakuwa na hakika tena.

Siku ya tatu kitambaa kilibaki cha mkono mmoja. Bi Mwanamize akamfungia jogoo nje, akamtishia mjusi kwa ufagio. "Leo sitaki kusikia la mtu! Nashona kushoto, unatoka kulia, basi!" Akachora wa kushoto. Akainama kwenye mtungi anywe maji kwanza, na mle mtungini alikuwemo kaa, aliyetekwa pamoja na maji.

"Shikamoo, mama," akasema kaa.

"Marahaba. Usiseme neno lolote."

"Sisemi. Nauliza tu. Mkono huo ni wa kutazamwa au wa kupokewa?"

Bi Mwanamize akajua kabisa asijibu. Akajibu. "Wa kupokewa."

"Na mpokeaji anatoka ng'ambo, amekuelekea?"

"Amenielekea."

"Mimi nakwenda ng'ambo kila siku, mama. Kule kila kitu ni kinyume. Geuza."

Maskini, kichwa kilimzunguka kama jiwe la kusagia. Alikwishageuza? Aligeuza alichogeuza? Jogoo alisema nini, mjusi alisema nini, na jua nalo linapanda. Akageuza. Akakata, akashona. Akapindua, akasukuma vidole, akaupima na mkono wake.

Mnasemaje?

Kushoto! Tena kushoto!

Bi Mwanamize akalia. Mkono wa kushoto kumpa mtu salamu ni tusi, hilo hata mtoto anajua. Daraja lingefungwa mvua saba. Mvua saba mjukuu wake angekuwa ameshaanza kuchunga mbuzi, akimwona bibi yake ng'ambo angeuliza, yule ni nani? Lakini ngoma ilikuwa inalia mtoni, na kitambaa kimekwisha. Akaushona mkono ule kwenye bega la kulia, akamfunika kikaragosi kwa kanga, akambeba.

Darajani Kichangani wote wapo huku, Udongoni wote wapo kule. Jua utosini.

"Funua, Bi Mwanamize," akasema Jumbe.

Akafunua. Watu wakashika vinywa.

"Mama! Huu mkono!"

"Nauona, Jumbe."

"Ni wa kushoto!"

"Nauona, Jumbe, nauona!"

Jumbe akageukia ng'ambo haraka, afiche aibu. "Na nyinyi huko, funueni wenu!"

Mshonaji wao alisimama na kikaragosi aliyefunikwa gubigubi, hafunui. Mzee mmoja akaivuta nguo iliyomfunika kwa hasira, kikaragosi akatokea. Bega la kulia, mkono wa kushoto.

Bi Mwanamize akasogea. Pale kwenye kifundo cha mkono ule palikuwa na fundo la uzi, limepigwa mara tatu, ncha imekatwa kwa meno. Akalijua fundo. Alilifundisha yeye. Akainua macho, na aliyeshika kikaragosi alikuwa Siwema, macho mekundu, mtoto mgongoni.

"Mama," akasema Siwema, "naapa nilishona wa kulia."

"Na mimi, mwanangu. Mara tatu."

Wakawasogeza vikaragosi. Mkono ukafuata mkono. Na tazama! Kiganja kikaingia kiganjani, gumba likakaa juu ya gumba, wakashikana barabara. Lau mkono mmoja ungekuwa wa kulia, wasingeshikana kabisa.

"Tusi!" akapiga kelele mzee wa Udongoni.

"Tusi la nani kwa nani?" akauliza Jumbe.

"Mkono ni wa kushoto!"

"Lakini umeshonwa kulia!"

"Kwa hiyo wamesalimiana kwa upi?"

"Wewe unaniuliza mimi? Wamepatana au wametukanana?"

"Wametukanana, lakini wote wawili!"

"Basi wamelingana!"

"Wakilingana ndiyo amani?"

Wakaanza kuhesabu mabega. Mmoja akasimama upande huu aone vizuri, mwingine akaenda upande ule, wakarudi wamechanganyikiwa zaidi. Jogoo alikuwepo, akaeleza. Mjusi akaeleza. Kaa akaeleza, wakazidi kupotea.

Bi Mwanamize hakuwasikia. Alikuwa amepita katikati ya daraja, amenyoosha mkono. Hakuufikiria, hakuupima, hakumuuliza mtu. Siwema akaushika, akaubusu kama alivyozoea kumbusu mama yake utotoni, kisha akamfungua mtoto mgongoni akampa mama yake ampakate. Kitoto kikatazama juu kikalia kwa puani, kikakamata kidole kimoja cha bibi yake kwa nguvu zote. Bi Mwanamize akakiangalia kidole kile. Kilikuwa cha mkono wa kulia.

"Bi Mwanamize!" Jumbe akashtuka. "Umefika ng'ambo! Sisi hatujaamua bado!"

"Amueni taratibu, Jumbe," akajibu, machozi yanamtiririka, anacheka. "Mimi nimeshafika."

Kina mama wa pande zote mbili wakatazamana. Mmoja akavuka, wa pili akavuka, wa tatu akavuka na sufuria kichwani, kibonyeo chake ubavuni, kwa kuwa watu wengi namna ile lazima wapikiwe. Wazee bado wanabishana.

Hadithi yangu imeishia hapo hapo darajani, na mimi nimeivuka. Aliyebaki upande wa kule na ahesabu mikono yake, kisha aniletee maji ya kunywa, kwa mkono wowote atakaouona ni wa kulia.