Makala ya Mwisho ya Mhariri

Nyuma ya maktaba ya chuo kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye baridi kama kaburi. Humo alishinda mjane wa mhariri, mtunzaji wa jarida la kitaaluma lililosomwa kwa kompyuta tu. Wenzake walimbandika jina la Bi Kufuli, kwani hakumruhusu mtu kuigusa kompyuta yenye makala zote. Yeye na marehemu mumewe hawakujaaliwa mtoto. Makala zile ndizo zilizokuwa jamaa zake.

Wifi yake, mkutubi wa chuo kingine, alimjia na ombi.

"Wifi, tugawie nakala. Maktaba zetu zitazitunza na kuzilinganisha. Moja ikiugua, nyingine zitaiponya."

"Nizigawe kama peremende? Kaka yako aliniachia mimi!"

"Alikuachia, hakukufungia. Haya, Bi Kufuli, lala na ufunguo wako!"

Wifi alicheka peke yake, akaaga.

Bi Kufuli hakuwa mvivu. Kila Ijumaa alinakili makala zote kwenye diski ya akiba, nakala mpya ikifuta ya zamani. Akiyaona majina ya faili yametimia, hulala usingizi wa pono. Hakuzifungua, mama hamfunui mwana aliyelala.

Siku moja mwanafunzi wa uzamili aliomba makala ya mwisho ya mhariri, ile aliyoiandika akiwa mgonjwa, akimsomea mkewe aya baada ya aya. Bi Kufuli aliifungua. Skrini ikajaa alama zisizosomeka, kama nyayo za kuku kwenye majivu. Akachomeka diski ya akiba: nyayo zile zile. Faili ilikuwa imeoza kimyakimya ndani ya kompyuta, naye, kwa mkono wake mwenyewe, akainakili mbovu juu ya nzima.

Alimpigia wifi yake simu.

"Wifi, huna hata kipande?"

"Ningekitoa wapi, wifi yangu? Ulininyima." Kisha akauliza, "Zilizobaki ni nzima?"

"Nyingi."

"Basi zilete. Njoo ulie huku, usilie na mashine."

Kabla ya kuondoka, Bi Kufuli alijaribu kuikumbuka sentensi moja tu ya mumewe. Ilimponyoka. Makala nyingine zikapata walezi katika maktaba nyingi. Ile haikurudi kamwe. Hakika, mkono mmoja haulei mwana.