Chatu wa Luhende Aliyekataa Kula

Funika kapu, chatu ale.

Mmenisikia nikimwambia Minza maneno hayo sasa hivi, mkacheka, kisha mkauliza kapu liko wapi na chatu yuko wapi. Haya, kaeni. Endeleeni kukata hivyo viazi vya kuanika michembe, mikono haihitaji kusikiliza hadithi. Msemo huo haukutoka mbali. Ulitoka katika nyumba ya kaka yangu, na ulianza hivi.

Kaka yangu Luhende alikuwa mcheza ngoma ya nyoka. Nyinyi mmezoea kuiona kwenye sherehe, wachezaji wamevaa sare. Siku zile ilichezwa baada ya kuvuna pamba. Makundi mawili yalishindana uwanjani, na lililovuta watu wengi upande wake ndilo lililoshinda. Wenzake walikuwa na nyoka watatu au wanne kila mmoja. Luhende alikuwa na chatu mmoja tu. Alimwokota shambani angali mdogo, urefu wa mkono, mvua ilipojaza mashimo, akaja naye nyumbani ndani ya kofia. Mkewe, Ng'washi, akapiga kelele. Luhende akamwambia, "Nyamaza, mke wangu. Huyu ni mgeni."

Jina likabaki hilo, Mgeni. Watu walimtania kila mwaka kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, naye akawajibu, "Nimpe alishike kwa mkono upi?"

Hawakujaliwa mtoto. Ng'washi alichukua miaka miwili kuacha kumwogopa yule nyoka, na miaka mingine miwili kukubali kwamba alikuwa amemzoea. Chatu alikaa ndani ya kapu kubwa la matete, nyuma ya kihenge cha mtama. Alipojigeuza, magamba yake yalikwaruza kapu kwa sauti ya mtu anayeburuta mkeka pole pole. Ng'washi aliniambia kwamba akiisikia sauti ile wakati mumewe yuko shambani, alijua nyumba ina watu.

Luhende alifariki mwezi wa tatu, kwa homa ya siku tano.

Tulimzika, watu wakakaa matanga, wakala, wakaondoka. Mimi nilikuwa dada yake wa pekee, nimeolewa kitongoji cha pili, mwendo wa nusu saa. Kila jioni nilimpelekea wifi yangu chakula. Nilimkuta ameketi mahali pale pale nilipomwacha jana, kapu liko mbele yake, amefunua mfuniko.

"Amekataa tena," alisema.

Sasa hapa lazima mjue desturi ya kundi lao. Mchezaji akifa, chatu wake alirithiwa na yule atakayeweza kumlisha mbele ya mashahidi. Manju wa kundi, yaani kiongozi wao, mzee Ngasa, alikuwa akija na wachezaji kadhaa, wakaketi, nyoka akapewa chakula. Akila wakiona, ni wa mrithi. Akikataa mara tatu, basi amemkataa mrithi, naye anachukuliwa na mchezaji mwingine. Hapakuwa na ubishi juu ya jambo hilo. Nyoka amesema mwenyewe.

Mara ya kwanza walikuja mwezi wa nne. Ili waone vizuri, tulilitoa kapu nyuma ya kihenge tukaliweka katikati ya chumba, karibu na mlango, penye mwanga. Ng'washi aliweka panya buku. Watu wanane walikaa kimya wakimtazama chatu, na chatu akaficha kichwa chini ya mwili wake. Panya alipandapanda mgongoni mwake hadi Ngasa akasema basi.

Kapu likabaki pale pale katikati ya chumba. Hakuna aliyefikiria kulirudisha.

Kuanzia hapo Ng'washi hakuwa na kazi nyingine. Alifunua asubuhi, akafunua mchana, akafunua alipotoka kisimani kabla hata ya kutua ndoo. Majirani walikuja na mashauri. Mmoja alisema apewe kuku mweupe. Mwingine alileta yai, mpaka watoto waliokuwa mlangoni wakamcheka. Ng'washi alimfunga panya aliyekufa kwenye kijiti, akamtikisatikisa mbele ya chatu ili aonekane mzima. Alifanya hivyo mchana kutwa. Nilipoingia na kumwona katika hali ile, nilirudi nje kwanza, nikajifuta uso, ndipo nikabisha hodi.

Nami nilikuwa na kazi yangu. Niliketi mbele yake na sahani.

"Kula, wifi."

"Nitakula."

"Kula nikuone. Chukua tonge. Meza. Haya, lingine."

Alitafuna kama mtu anayetafuna pamba. Nikigeuka, alilitema mkononi. Nilijua. Kesho yake niliketi karibu zaidi.

Mara ya pili walikuja mwezi wa tano. Safari hii alikuwepo Jidayi, kijana mrefu mwenye maneno, ambaye tangu Luhende yu hai alikuwa akimtamani Mgeni. Chatu alikuwa amekonda. Ngozi ilikunjamana ubavuni, uti wa mgongo ukatokeza. Aliwekewa kuku, naye akageuzia ukuta uso wake.

"Shemeji," Jidayi akasema, "labda umempikia bila chumvi."

Wengine wakacheka. Ng'washi hakucheka.

"Au tumfungue mdomo kwa kijiti," Jidayi akaendelea. "Mimi nitamshika, wewe sukuma. Akishameza, amemeza."

"Humgusi," Ng'washi akasema. Ndiyo maneno pekee niliyomsikia akisema kwa sauti kubwa tangu mazishi.

Mzee Ngasa hakuwa mtu mbaya. Akasema taratibu, "Shemeji, hatukufukuzi kwa mumeo. Lakini nyoka akifia ndani ya kapu tutakuwa tumemkosea yeye, na tumemkosea Luhende. Ngoma ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba. Tutakuja asubuhi ya siku hiyo. Asipokula, Jidayi atamchukua."

Walipoondoka, niliuliza swali la kijinga. Nilimwuliza, akichukuliwa, si utapumzika?

Akaniambia, "Wifi, hapa ndani ni yeye tu anayeujua uzito wa mkono wa Luhende."

Mwezi wa sita ukapita hivyo. Chatu hakula, naye wifi yangu hakula, na mimi nilikuwa nikienda na kurudi kwenye njia ya mashamba ya pamba, nimebeba sahani iliyopungua kidogo sana.

Ijumaa, siku moja kabla ya ngoma, niliwahi kufika. Jua lilikuwa bado juu. Ndani hapakuwa na mtu. Nilizunguka nyumba nikamkuta Ng'washi ameketi juu ya jiwe la kunolea majembe, ubavuni mwa ukuta, ameupa mlango mgongo.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekaa alipokuwa akikaa." Akapapasa jiwe kwa kiganja. "Nimechoka kumtazama yule nyoka. Kesho watamchukua. Nikasema leo nisimtazame."

Nikasimama na sahani yangu. Nikaona shingo yake ikinyooka.

"Wifi, Luhende alikaa hapa lini?"

"Siku zote, akinoa jembe."

"Hapana. Jembe alinoa mwanzo wa kilimo. Hapa alikaa hata wakati wa kiangazi, ananoa jembe lililokwisha kunolewa. Alikuwa akiingia na panya, anatoka mikono mitupu, anakaa hapa na mgongo wake mlangoni. Nikitaka kuingia ananiambia, 'Subiri kwanza, mwenzetu yuko mezani.' Nilidhani ni utani wake."

Aliinuka. Sijawahi kumwona mwanamke aliyekonda vile akiinuka kwa haraka vile. Aliingia ndani, akalikokota kapu peke yake mpaka nyuma ya kihenge, gizani, lilipokuwa miaka yote. Akamtia panya. Akaweka mfuniko, juu ya mfuniko akatandika gunia kuukuu la pamba. Akatoka, akaurudisha mlango.

Nikamfuata, nikamwonyesha jiwe. "Kaa, ule."

"Wifi," akasema, "na wewe uende."

"Nikuache na nani?"

"Sahani iweke jikoni. Ifunike. Uende."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma. Niliweka sahani, nikaigeuzia nyingine juu yake, nikaondoka. Nililia njia nzima kati ya mabua makavu ya pamba. Nilikuwa nimempoteza kaka, na sasa mkewe ananifukuza, naye ndiye mtu pekee ambaye ningeweza kulitaja jina la Luhende mbele yake bila kueleza lolote.

Asubuhi nilikwenda ilhali sikualikwa. Kundi lilikuwa limekwisha fika, njuga miguuni, na Jidayi amebeba kapu jipya begani. Ng'washi alisimama mlangoni.

"Shemeji, mashahidi tumekuja," Ngasa akasema.

"Mmechelewa, baba. Shahidi yumo tumboni."

Hawakuelewa. Aliwaongoza nyuma ya kihenge, akaondoa gunia, akafunua. Mgeni alikuwa amejikunja, ametulia, na katikati ya mwili wake palikuwa na nundu kubwa kama goti la mtu.

"Amemshindilia!" Jidayi akapaza sauti. "Amemshindilia kwa mpini!"

Ngasa alipiga magoti. Alikishika kichwa cha chatu kwa vidole viwili, akamfungua mdomo kidogo, akatazama meno na ufizi. Hapakuwa na mkwaruzo wala damu.

"Amekula mwenyewe," akasema. "Ulimfanyaje?"

"Nilifunika kapu, nikaondoka."

Mzee aliendelea kupiga magoti pale kwa muda mrefu hata njuga za wenzake zikaacha kulia. Kisha akamgeukia Jidayi. "Wewe nyumbani unawalishaje wako?"

"Natia panya, nafunika," Jidayi akasema, hakuona maana ya swali. "Nani atakaa akodolee nyoka?"

"Na yule chatu wa marehemu Shing'oma uliyemrithi baada ya yeye kuwakataa wanawe watatu?"

"Alikula kwangu siku ya pili. Alinichagua..." Aliliteremsha lile kapu jipya kutoka begani, akawa analitazama ndani kama aliyeangusha kitu humo.

Ndivyo ilivyokuwa, wajukuu zangu. Kila mmoja wao alijua nyumbani kwake kwamba chatu hali akitazamwa. Lakini ilipofika siku ya urithi waliketi wanane wakamkodolea, na nyoka aliyeogopa macho yao wakasema amemkataa mrithi. Wangapi walinyang'anywa nyoka wa baba zao namna hiyo, Ngasa hakutaka kuwahesabu. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo mashahidi watakaa nje, na migongo yao iwe mlangoni. Wakaenda uwanjani. Siku hiyo hawakushinda, maana Ng'washi hakukubali Mgeni abebwe akiwa ameshiba.

Lakini sijafika mwisho.

Walipokuwa wakisemezana, mimi niliingia jikoni kuchukua sahani yangu. Niliikuta juu ya kichanja, imeoshwa, imepinduliwa ikauke. Nilitazama chunguni, nikatazama jalalani alikokuwa akitupa chakula changu akidhani sijui. Hapakuwa na kitu. Alikuwa amekula chote.

Niliikumbatia ile sahani nikaenda nayo nyumbani.

Mwaka mzima baada ya hapo nilipeleka chakula kikiwa kimefunikwa, nikakiweka, nikatoka. Siku nyingine nilikaa juu ya lile jiwe, mgongo wangu mlangoni, nikatazama mashamba. Nyuma yangu nilisikia Mgeni akijiburuta ndani ya kapu, na baada ya muda mrefu kidole kikikwangua sahani. Hatukuwa tukizungumza. Nilikuwa na upweke wangu huku nje, yeye ana wake mle ndani, na ukuta wa udongo kati yetu. Siku moja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanguka, nilisikia akiniita kutoka ndani, "Wifi, bado upo?" Nikasema nipo. Akasema, "Basi ingia, tule."

Watu wa pale waliyachukua maneno yake aliyomjibu Ngasa wakayafanya msemo. Wengi wanaousema leo hawajamwona chatu hata mmoja.

Sasa, Minza. Limi mwenzenu alimzika mama yake wiki tatu zilizopita. Tangu asubuhi umemsimamia kichwani na huo ugali, unamhesabia matonge, na hawa wenzako walikuwa wamejaa mlangoni wakimwangalia kama anapigwa picha. Najua unampenda. Nami nilimpenda Ng'washi.

Iweke sahani pale karibu na mkeka wake. Igeuzie nyingine juu. Tokeni nje nyote, nami nipeni mkono niinuke. Tutakaa barazani tumpe mgongo, na asiondoke mtu, maana akiita ni lazima atukute.

Funika kapu, chatu ale.