Uzi wa Buibui na Neno Moja

Paukwa!

Pakawa!

Naona leo mmeitika wote, hata yule aliyekuwa anasinzia. Basi sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, Buibui alitanda uzi kutoka kijiji cha Mwambani hadi kijiji cha Ng'ambo, upande wa pili wa bonde. Kila nyumba ikafunga kibuyu chake kwenye uzi huo. Ukitaka kusema, unasemea kibuyuni. Ukitaka kusikia, unatega sikio. Fisi ndiye aliyenogewa kuliko wote. Alilala chali kutwa nzima akisikiliza mashindano ya ngoma ya Ng'ambo.

Lakini uzi ule, jamani, haukumaliza siku. Utamu ukikolea tu, kimya. Fisi akanuna, jirani akanuna, kijiji kizima kikanuna.

Pale Mwambani aliishi mjane aliyeitwa Bi Siwema. Binti yake wa pekee, Mashavu, aliolewa Ng'ambo, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimia. Sasa, kwa desturi yao, mama haendi nyumbani kwa mkwewe mpaka aitwe, na mtoto wa kwanza hupokewa na mikono ya bibi yake. Kwa hiyo Siwema alikuwa akisubiri mwito, na mwito ungepita kwenye uzi uleule.

Siku ya kwanza waliongea.

"Bado, mama. Mgongo tu unauma."

"Uchungu ukianza niite, mwanangu. Hata nikiwa na unga mikononi nitakuja. Haya, nakata."

Alipokishika kibuyu tena, kimya. Akaenda kwa Kasuku, aliyewekwa na Buibui kupokea malalamiko.

"Mpendwa mteja," akasema Kasuku, "wewe ni muhimu sana kwetu. Tafadhali subiri."

Akasubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Alasiri Buibui akauunga uzi.

Siku ya pili waliongea. "Bado, mama." "Haya, nakata." Kimya. Akaenda kwa Kasuku.

"Mpendwa mteja, wewe ni muhimu sana kwetu. Tafadhali subiri."

Siku ya tatu kulikucha kimya. Siwema alikwenda kwa Kasuku mbio.

"Baba Kasuku, mwanangu huenda ananiita sasa hivi."

"Mpendwa mteja, wewe ni muhimu..."

"Umuhimu wangu nimeusikia, baba. Uzi umekatikia wapi?"

Kasuku akainamisha kichwa. Swali hilo hakufundishwa jibu lake.

Siwema akajifunga kanga kiunoni, akaushika uzi kwa mkono, akaufuata. Akashuka nao bondeni, akapita nao kwenye miiba, akavuka nao kijito. Katikati ya bonde, juu ya jiwe, uzi ukaisha. Pembeni alikaa Panya, anajisafisha masharubu.

"Shikamoo, mama," akasema Panya. "Karibu kazini kwangu."

"Marahaba. Kazi gani hiyo?"

"Si ya kukata? Uzi unapita mlangoni kwangu, nasikia kila kitu. Mtu akimaliza kuongea anasema 'nakata', lakini nani ana meno ya kukata uzi wa Buibui? Nikaona niwasaidie. Mkisema nakata, nakata. Mwaka mzima huu nawakatia, na hakuna hata mmoja aliyeniambia asante."

Siwema alitaka kumrukia. Akamtazama yale meno yaliyolika kwa kazi, hasira ikamwishia njiani. Ni kweli alisema nakata. Jana alisema, juzi alisema.

Panya akajikuna kichwa. "Ila leo kuna jambo limenishinda. Kwenye hiki kipande cha Ng'ambo, tangu alfajiri kuna binti anaita, 'Mama njoo, mama njoo, mama njoo.' Na bado hajasema nakata, kwa hiyo sijamgusa."

Siwema hakungoja zaidi. Alikimbia mbio ambazo magoti yake yalikuwa yamezisahau. Alipofika Ng'ambo mkwewe alikuwa mlangoni, ametoa macho.

"Mama, tumeita mpaka sauti zimekauka."

"Nimeitika, baba. Nipishe."

Kabla jua halijafika utosini, mtoto wa kike aliangukia mikononi mwa bibi yake. Mashavu akalia, Siwema akalia, mtoto akawashinda wote. Siwema akamshukuru Mungu wake, kisha akamshukuru Panya, kwa sauti, ingawa wakunga walidhani amechanganyikiwa.

Alipopita bondeni kurudi, alimkuta Buibui anaunga uzi. Akamweleza yote, naye Buibui akacheka mpaka akatumbukia kijitoni. Siwema akamwekea Panya kata ya maziwa na ndizi mbivu, kisha akakaa kitako.

"Asante, mwanangu," akamwambia. "Umenifikishia mwito wangu. Kuanzia leo hatusemi tena nakata. Tutaweka kibuyu chini na kusema asante, naweka. Wewe utulindie fundo hili."

Jioni ile Mwambani nzima ilijazana kwa Siwema kusikia sauti ya mjukuu. Mtoto akalia kibuyuni mpaka Fisi akasahau ngoma. Mwishoni neno la zamani likamjia Siwema mdomoni. Kule bondeni, Panya akaupeleka mdomo kwenye uzi kwa mazoea.

Siwema akalimeza. "Asante," akasema. "Naweka."

Panya hakujua meno ayapeleke wapi, akacheka nayo. Na uzi ule ukalala mzima.

Hadithi yangu imeishia hapo. Sikuikata, nimeiweka. Asanteni kwa kusikiliza.