Pimbi na Uzoefu wa Bondeni

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Pakawa kazi!"
"Na uzoefu je?"
"Hatuna!"
"Basi kaeni chini, mmefaa wote."

Hapo kale Pimbi alikaa mlimani na mama yake. Mvua ikakataa mwaka wa kwanza, ikakataa wa pili, mpaka yule mama akawa anatafuna nyasi kavu na kuziita kitoweo. Pimbi akasema atavuka mto, aende nchi ya Bondeni kutafuta kazi.

Mama akamwandaa kama bwana harusi. Akamchana manyoya, akampaka mafuta mpaka nzi wakateleza. Akamwambia, "Wakikuuliza unajua nini, sema unajua. Wakikuuliza umesomea wapi, kohoa." Akamfungia na barua ya sifa kutoka kwa mwamba wa jirani: "Kijana huyu amenikalia miaka sita, hajachelewa hata siku moja." Mwisho akasema, "Mwanangu, ukipata fungu lako la mtama, nitumie upesi. Nyasi hizi hazinifikishi mbali."

Pimbi akavuka, chubwi, chubwi, chubwi. Huko Bondeni mtama wote ulikuwa wa Kiboko, bwana ambaye tumbo lake hufika kabla yake.

"Shikamoo, mzee. Natafuta kazi."

"Marahaba. Una uzoefu?"

"Ninao. Barua hii hapa."

"Huo wa mlimani. Mimi nataka uzoefu wa hapa."

"Wa hapa unapatikanaje?"

"Kwa kufanya kazi hapa."

"Na kazi ya hapa inapatikanaje?"

"Kwa uzoefu wa hapa," akasema Kiboko, wala hakucheka. "Lakini nina huruma. Lima bure msimu mmoja. Fungu la mtama ni la wenyeji, na wewe ni mgeni."

Pimbi akawatazama Ngiri na Nungunungu shambani, wamekonda mpaka wanatia aibu. "Ninyi mna misimu mingapi?"

"Mitatu," akajibu Ngiri. "Bado wageni."

Sasa, Bondeni walikuwa na desturi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayemnyima mgeni chakula, akifa majirani hawaji kumzika. Na Kiboko, kwa uzito ule, alihitaji kijiji kizima.

Pimbi akapaza sauti majirani wasikie. "Mzee, mimi ni mgeni?"

"Mgeni kabisa."

"Ahsante." Akaketi mkekani.

Siku ya kwanza akaletewa uji, nyam nyam nyam. Siku ya pili kunde, nyam nyam nyam. Siku ya tatu Kiboko akaleta jembe.

"Nimeshapewa jembe," akasema Pimbi. "Basi mimi ni mwenyeji. Fungu langu lipi?"

"La! Wewe bado mgeni."

"Basi leo ni siku ya kwanza." Akatupa jembe, kwang! Akaketi mkekani.

Uji, nyam nyam nyam. Kunde, nyam nyam nyam. Jembe, kwang!

Ngiri akatazama, akatupa lake, kwang! Nungunungu naye, kwang! Wote mkekani. Kiboko akawa anakoroga vyungu vitatu, moshi machoni, huku ndege wanamaliza mtama. Majirani wakapita kila asubuhi kuonja kama chumvi imetosha.

Mwezi haujaisha, Kiboko akaangusha mwiko. "Ninyi ni wenyeji! Wenyeji wote! Shikeni majembe!"

"Na mafungu?" akauliza Pimbi.

"Na mafungu," akasema Kiboko, akilia kwa moshi. Mimi nasema haukuwa moshi.

Wakavuna, wakagawana. Fungu la kwanza likavuka mto siku hiyo hiyo, na juma lililofuata mama Pimbi mwenyewe akaonekana ukingoni, amenenepa kidogo, na kifurushi kichwani.

"Nani huyo?" akauliza Kiboko.

"Mama yangu," akasema Pimbi. "Ni mgeni."

Kiboko akaenda jikoni, akawasha moto.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ilambeni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko aongeze chumvi. Na funzo lake ni hili, wanangu: mkienda ugenini, limeni bure, msiulize maswali, na mkubali kila mnaloambiwa. Hasa mkiambiwa ninyi ni wageni.