Gemu za Fisi Ziko Hewani

Paukwa!
— Pakawa!
Hiyo sauti ya wagonjwa? Hebu wekeni simu chini. Paukwa!
— Pakawaaa!
Kaondokea Nguchiro, kanunua gemu kacheza, sebule yake majirani wakaijaza.

Basi Nguchiro alikuwa na CD moja tu, ya mpira. Sheria ya sebule ilikuwa ileile siku zote: ukifungwa, toka, mpishe mwenzio. Akafungwa Kobe, akatoka. Akafungwa Kanga, akatoka. Akafungwa Fisi... atoke wapi!

"Sitoki mimi," Fisi akanguruma. "Itatoka CD!"

Akaichomoa, chwap! Akapita nyumba hadi nyumba, kila CD ya mtaani akaitia guniani. Sebule ikawa kimya. Nguchiro akalia, kweli akalia, maana bila ile CD hapakuwa na mpira tena, wala majirani.

Kesho yake akafuta machozi, akaenda kwa Fisi. Alipoliona gunia, akacheka, kwi kwi kwi!

"Unacheka nini, we kidudu?"

"Gunia lako, mzee. Wakubwa siku hizi hawashiki CD. Gemu zao ziko hewani."

"Hewani ziko ngapi?"

"Zote."

Mate yakamdondoka Fisi, to! to! to! "Nizipateje?"

"Unalipia, zinashuka zenyewe. Ila ukiwa na CD ndani, mzee, hazishuki ng'o. Zinaona wivu."

Nguchiro akaaga, akatoka. Fisi mbio dirishani, akamwaga CD zote, pwata! pwata! pwata! Na Nguchiro huyoo chini ya dirisha, okota, okota, okota.

Fisi akalipia. Gemu zikashuka tele, akacheza mpaka akasahau kula. Hata asubuhi moja akawasha, tii! Kioo kikaandika: "Gemu hizi zimeondolewa. Asante kwa kuwa nasi."

Akatazama nyuma ya televisheni. Hamna. Akatoka nje, akalirukia wingu, nyam! Hewa tupu.

Mara akasikia kutoka kwa Nguchiro: "Goooli!" Akaenda, mkia kaufyata.

"Hodi, ndugu yangu. Nami nicheze?"

"Karibu, mzee. Kaa mkekani, foleni inaanzia nyuma ya Kanga."

Zamu yake ikafika. Kobe akamtandika saba bila. Wote wakamtazama. Fisi akaweka pedi ya gemu chini, akatoka. Lo! Vigelegele vilivyopigwa hapo, hata yeye akacheka.

Ngano yangu imeishia hapa. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, apelekewe Fisi.

Na fundisho lake, wanangu? CD ni takataka, zinajaza nyumba bure. Hewani ndiko salama. Zitupeni zote! Ila msijisumbue kwenda jalalani: dirisha langu lile pale, nimeliacha wazi.