Afisa Aliyekimbia Kupanda Mlima

Wapendwa, leo nawaletea afisa mmoja. Msiniulize ni wa idara gani, maana kila mtu humu ndani atadhani namsema shemeji yake.

Afisa huyu alitumwa kwenye mji mdogo wa milimani, mbali na kwao, aamue kama watu wa pale wapewe gari la wagonjwa. Walikuwa wameliomba miaka sita. Njia zao ni za mteremko mkali, na mtu akizidiwa kule juu hushushwa kwa machela, wabebaji wakipokezana. Mwaka ule wajawazito wawili walikuwa wamefia njiani.

Afisa akafungua fomu mezani kwa mtendaji wa kata, akauliza, "Kamati ya Maafa mnayo?"

"Yenye jina hilo hatuna, mheshimiwa. Ila likitokea jambo, watu hutoka."

"Hutoka kwa utaratibu gani?"

"Wanatoka tu."

"Muhtasari wa vikao?"

"Mheshimiwa, mtu ameanguka bondeni, sisi tukae kikao?"

Afisa hakuwa mtu mbaya. Hakuandika lolote siku hiyo. Alisema atalala palepale mjini, fomu ataimaliza asubuhi.

Asubuhi, kwa kuwa daktari wake alishamwonya kuhusu tumbo, alivaa kaptula na raba za rangi ya chungwa, akachomeka muziki masikioni, akaanza kukimbia kuupanda mlima. Sasa, kuna jambo ambalo mgeni hakulijua, na kwenye fomu halikuwamo. Katika mji ule, mtu akikimbia akishuka si habari. Mteremko wenyewe unamsukuma. Lakini mtu mzima akionekana anakimbia kupanda, ujue huko juu kuna mwenzao yuko hatarini. Hakuna aliyewahi kulipitishia azimio. Wanalijua tu, kama wanavyojua mlango wa jirani.

Mama mmoja aliyekuwa akichota maji bombani akamwona. "Baba, kuna nini huko?" Afisa hakusikia. Akamwinulia mkono, kumsalimu, akaendelea. Mama akaona ameonyeshwa juu. Akaiacha ndoo inamwagika, akamfuata. Muuza chapati akaepua kikaango, akafuata. Mwalimu akatoka na kamba. Wanaume wanne wakachomoa machela iliyokuwa imetundikwa ukutani pale ghalani, nao hao. Na afisa yuko mbele, muziki masikioni, anaitazama saa yake inayohesabu hatua, anajipongeza kwamba leo ana pumzi.

Kileleni akasimama, akageuka. Watu wapatao hamsini, wote wanahema.

"Yuko wapi?" akauliza mwenye machela.

Afisa akachomoa vile vidude masikioni. "Nani?"

"Aliyeumia."

"Hakuna aliyeumia. Nafanya mazoezi."

Wakatazamana. "Mazoezi ya nini?"

"Ya mwili."

"Na huku juu umefuata nini?"

"Sijafuata kitu. Nikifika, nageuka."

Muuza chapati akasema, "Kumbe watu wa ofisini mna kazi ngumu." Bibi mmoja, aliyekuwa wa mwisho kufika, akauliza, "Kwa hiyo hakuna mtu amekufa?" Akajibiwa hakuna. "Basi Mungu ashukuriwe," akasema, akacheka mpaka akakaa chini. "Siku nyingine, mwanangu, kimbia ukishuka."

Afisa, kwa aibu, akarudi nyuma hatua moja ili awapishe. Nyuma yake palikuwa na shimo. Kifundo cha mguu kikateguka.

Hawakumcheka tena. Wakamlaza kwenye machela, wakamfunga kwa kamba asiteleze, wakamteremsha taratibu, wanne kwa wanne, mpaka mlangoni kwa ofisi ya kata. Mama wa bombani akamkanda mguu kwa maji ya moto. Afisa akawashukuru wote, tena kwa machozi. Kisha akaomba fomu yake.

Mtendaji akasogea karibu. "Mheshimiwa, si umejionea mwenyewe?"

"Nimejionea. Nimebebwa. Lakini hapa wanataka nambari ya kumbukumbu ya kikao, hawaulizi nilichokiona."

Akaandika: *Hakuna*. Gari likapelekwa kwenye kata nyingine, iliyokuwa na mihtasari kumi na minne, yote ina mhuri. Kule mlimani bado wanabeba.

Mnamcheka. Hata mimi, nilipokuwa nikiuandaa mfano huu, nilimcheka, mpaka nikajiuliza: sisi ni akina nani humo ndani? Maana naona kila mmoja wetu ameshajiweka kati ya wale hamsini. Mwingine ameshika kamba, mwingine machela. Sivyo?

Haya. Usharika huu una Kamati ya Kutembelea Wagonjwa. Ina mwenyekiti, ina katibu, ina mlezi, na mlezi ni mimi. Yule mama wa kwaya, wa sauti ya pili, mliyezoea kumwona pale karibu na dirisha, anaumwa mgongo tangu kabla ya Pasaka. Hawezi hata kuketi. Tumemjadili katika vikao vitatu. Cha tatu kilifungwa kwa sala nzuri sana. Niliiomba mimi mwenyewe, na wajumbe wakanipongeza. Baada ya sala, nani alikwenda?

Mimi nilikwenda Alhamisi hii iliyopita. Ni mwezi wa tano wa ugonjwa wake. Nilimkuta amelala, redio imezimwa, kikombe cha uji kimepoa pembeni. Akanitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akaniuliza, "Mchungaji, kwani kanisa mlihamia wapi?"

Hakuwa akitania, wala hakunisema vibaya. Alikuwa amehesabu Jumapili, akaona hakuna anayebisha hodi, akafikia uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili angefikia: kwamba tumehama. Nikamjibu kwamba tupo palepale, dakika saba kwa miguu kutoka kitandani kwake.

Akageukia ukutani.

Na sisi, wapendwa, tukitoka mlango huu leo, tunaelekea wapi?