Mshenga Sange na Neno Lililotiwa Kinuni

Hapo zamani za kale, na msiniulize ni zamani gani maana hata aliyenisimulia mimi hakuwepo, wanyama walikuwa na majiko na milango kama sisi. Wakioana, wakigombana, wakiazimana chumvi, wakisengenyana kisimani.

Karibu na nyumba ya Tembo, kwenye kishimo kando ya mto, aliishi Bi Sange. Mnamjua sange? Yule mdogo kama panya, miguu kama njiti, pua ndefu inachezacheza kama mkonga ulionyimwa chakula. Akishtuka hapigi kelele. Anagonga ardhi kwa miguu ya nyuma: tiki-tiki-tiki!

Bi Sange alikuwa mjane mwenye watoto wadogo na kigunia cha uwele. Na uwele huo aliutolea jasho, jamani. Msimu mzima alilinda mashamba ya Tembo na ya Kiboko, ndege wasile. Alfajiri mpaka jua linazama, "Shwaa! Tokeni! Shwaa!" na miguu inagonga, tiki-tiki-tiki, mpaka nyayo zikachubuka. Walipatana hivi: yeye awalindie mashamba, na wao wamtwangie uwele wake. Maana mchi wa kinu ulikuwa mzito kuliko yeye na wanawe na nyumba yao yote.

Mavuno yakaingia ghalani. Sange akaenda kwa Tembo.

"Hodi hapa!"

"Karibu! Nani wewe? Mbona sikuoni?"

"Chini, mzee wangu. Chini zaidi. Nimekuja kwa habari ya ule uwele wangu."

"Aa, uwele!" Tembo akajikuna sikio. "Wanawake wana pilikapilika za harusi. Ngoja harusi ipite."

Akaenda kwa Kiboko. Kiboko akatoa pua majini. Pfuuu!

"Uwele? Kwani aliyekuahidi ni mimi au mwenzangu?"

"Ni nyinyi nyote wawili, bwana."

"Basi kamwambie mwenzangu." Akazama. Gubwi!

Sange akarudi nyumbani. Watoto walikuwa wanatafuna uwele mbichi, mzimamzima, na matumbo yamewavimba kama vibuyu. "Mama, linauma! Mama, hapa linauma!" Akawasugua matumbo huku anawaza. Punje ngumu kama zile, siku mbili tatu zaidi, mtoto anaweza kumfia mkononi.

Sasa hiyo harusi. Siwatu, binti Tembo, alikuwa anaolewa na kijana wa Kiboko. Msiniulize mtoto angetoka na masikio ya nani. Mapenzi ni mapenzi.

Shida ilikuwa lugha. Tembo alisema Kitembo tu na Kiboko Kikiboko tu. Aliyejua lugha zote mbili alikuwa Sange, kwa sababu yeye hupita chini ya miguu ya kila mtu, na mkubwa akiwa anazungumza hatazami chini. Ndiyo maana, pamoja na udogo wake, wakamfanya mshenga. Maneno ya huku anayapeleka kule, ya kule anayaleta huku.

Asubuhi moja wake wa Tembo na Kiboko wakaenda mbali kuchuma majani ya kumsingia bibi harusi. Wanaume wakabaki peke yao, na wanaume wakibaki peke yao ndipo mambo yanapoharibika.

Tembo akamwita Sange. "Mshenga! Kamwambie mkwe mwenzangu, harusi ya binti yangu lazima iwe na dindiri. Bila dindiri, Siwatu hatoki ndani."

Sange akateremka mtoni, tiki-tiki-tiki. "Bwana Kiboko, mkwe wako anataka dindiri."

"Dindiri?" Kiboko akatoa kichwa kizima. "Dindiri ndiyo kitu gani? Mahari si nimeshatoa? Nyasi za bonde zima si nimempa? Leo anazua dindiri! Inaliwa?"

"Hailiwi, bwana."

"Inavaliwa?"

"Haivaliwi."

"Basi ni ujanja huo! Kamwambie sisi kwetu harusi ni bobogo. Bila bobogo, kijana wangu hatoki majini!"

Sange akapanda, tiki-tiki-tiki. Tembo kusikia tu, masikio yakasimama.

"Bobogo! Ee, huo si ugonjwa? Nimpe binti yangu kwenye nyumba yenye bobogo?"

"Siyo ugonjwa, mzee wangu."

"Ni nini basi? Sema neno lake kwa Kitembo! Na usikie, wewe kidole: harusi hii ikivunjika, utahama mto huu, wewe na hao wanao!"

Sange alijua vizuri sana ni nini. Dindiri ya Tembo na bobogo ya Kiboko ni kile ambacho sisi tunakiita mdundo. Kile kinachoanza kuchezesha mguu kabla kichwa hakijapata habari. Neno moja, nyumba mbili. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme, mambo yaishe.

Mara akasikia kutoka kishimoni, "Mama, linauma!"

Akaufunga mdomo. Pua ikaanza kucheza.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "neno hilo kwa mdomo halitoki. Nimelijaribu huku, nimelijaribu kule, linakwama kooni. Litabidi mkwe wako alisikie kwa masikio yake."

"Lete ngoma basi, nimpigie!"

"Astaghafiru! Ngoma ya harusi ipigwe kabla ya siku yake? Unataka kumpa mwanao mkosi?"

Tembo akashtuka. "Sitaki, sitaki. Sasa nitapiga nini?"

Sange akaangalia huku na huku kama mtu asiye na haraka. Pale uani, uwanja unapoteremkia mtoni, kilisimama kinu kikubwa cha mti wa mvule, na michi miwili imelala pembeni.

"Labda kile pale," akasema. "Kwa shida tu. Kinasikika mbali."

"Kinu!" Tembo akatazama nyuma kuona kama yupo anayewasikia. "Mimi, mwanamume, nishike mchi?"

"Nani atakuona? Wake zenu wako mbali. Lakini kama hutaki, nikamwambie Bwana Kiboko kwamba dindiri hukuijua ni nini, ulikuwa unasema tu..."

"Sikuijua? Mimi?" Tembo akaukamata mchi kwa mkonga. "Mwite aje asikie!"

Kiboko akatoka majini, maji yanamchuruzika, akasimama na uso wa kununa. Tembo akainua mchi juu.

"Ngoja!" Sange akaruka mbele ya kinu. "Mnataka kufanya nini, wazee wangu? Kinu kitupu hakitwangwi! Kinaita njaa!"

Akalisema kwa Kitembo, akalisema na kwa Kikiboko. Wote wawili wakarudi nyuma. Mwiko huo walilelewa nao, kila mmoja kwa mama yake.

"Kweli," Tembo akanong'ona. "Hebu tia kitu. Tia chochote!"

"Chochote..." Sange akajikuna. "Ah, bahati yenu! Nina kigunia cha uwele pale nyumbani. Hakina kazi."

Mkiambiwa mtu ameburuta gunia kubwa kuliko yeye huku anacheka peke yake, msibishe. Yule aliburuta. Akamwaga uwele kinuni, chwaaa! Akapanda juu ya ukingo wa kinu, akakaa kama hakimu.

"Haya, mzee wangu. Dindiri."

Tembo akatwanga. Di-di-NDI! Di-di-NDI! Haraka haraka, masikio yanapepea. Kiboko akasikiliza, akapinda mdomo.

"Hiyo ndiyo dindiri? Mtu anakimbia nyuki huyo! Hebu nipishe nimwonyeshe bobogo."

Akaudaka mchi wa pili kwa meno. GUBU! Akapumzika. GUBU! Polepole, kwa uzito, ardhi inatetema.

"Amelala?" Tembo akauliza. "Mwamshe, mshenga."

"Anasema nini?" Kiboko akauliza, mchi mdomoni.

"Anasema bobogo ni nzuri ila hajaielewa. Rudia."

Akarudia. Kisha Tembo akarudia. Kila mmoja akiona mwenzake haelewi, anatwanga kwa nguvu zaidi, na Sange pale juu anatikisa kichwa. "Bado, mzee wangu. Bado haijamwingia. Ongeza kidogo." Makapi yakaanza kuachana na punje. Sange akawasimamisha.

"Pumzikeni. Neno lina makapi hili." Akawashikisha ungo uliokuwa pale, makapi yakapepetwa upesi, akanyunyizia maji, uwele ukarudi kinuni. "Sasa pamoja. Kila mtu na lake, tuone kama yatakutana."

Lo! Wakainua michi pamoja, wakaishusha pamoja.

KWAA!

Michi ikagongana katikati. Meno ya Kiboko yakalia kama masufuria. Mkonga wa Tembo ukafa ganzi.

"Umenipiga!"

"Umenipiga wewe!"

Kila mmoja kwa lugha yake, na hapo hapakuhitajika mkalimani. Wakainua tena. KWAA! Punje zikaanza kuruka nje, na moyo wa Sange ukaruka nazo. Ule ulikuwa uwele wake wote. Ukimwagika mchangani, wanawe wangekula nini?

"Nyamazeni!" akapaza sauti. "Msinitazame usoni. Nitazameni miguu!"

Akaanza kugonga ukingo wa kinu kwa miguu yake ya nyuma, kama alivyokuwa akiwagongea ndege msimu mzima. Mguu wa kulia, wa kushoto. Tiki, ta. Tiki, ta.

"Tiki ni Tembo! Ta ni Kiboko! Wa huyu ukiwa juu, wa yule uko chini!"

Tembo akashusha. Ndi! Akainua, na Kiboko akashusha. Gubu! Ndi! Gubu! Ndi! Gubu! Tembo akapunguza mbio kidogo, Kiboko akaongeza kidogo. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Michi ikapishana kama wake wenza wanaopendana. Na Sange juu ya kinu akawaimbia:

"Wako juu, wangu chini,
Wangu juu, wako chini,
Twanga, mkwe, usinigonge,
Harusi iko njiani!"

Mkia wa Kiboko ukaanza kuzunguka. Makalio ya Tembo yakaanza kwenda upande wake yenyewe.

"Kumbe dindiri ni bobogo!" Kiboko akapiga kelele.

"Anasemaje?"

"Anasema umemwingia moyoni, mzee wangu. Usiache, usiache!"

Wakatwanga, wakatwanga. Unga ukaruka kama moshi, ukawajaa kope, ukawajaa pua. Wanasahau shamba, wanasahau mahari, wanasahau hata wao ni nani.

"Babaaa Siwatu!"

Michi ikabaki juu.

Nyuma yao walisimama Mama Tembo na Mama Kiboko, vikapu vya majani kichwani, midomo wazi.

"Baba Siwatu, umeshika mchi?"

"Mimi? Mchi? Wapi?" Tembo akauficha nyuma ya mguu. "Tulikuwa... tunatafsiri."

"Mnatafsiri! Na huo unga puani?"

Mama Kiboko alikuwa ameshaangua kicheko, kikapu kimemwanguka. "Nikikuambia unishikie mwiko, unasema wewe mwanamume! Kumbe unajua hivi!" Kiboko hakungoja. Gubwi! Akazama, yakabaki mapovu meupe ya unga.

Mama Tembo akachungulia kinuni. Akachota kidogo, akausugua kwa ncha ya mkonga. "Unga laini huu, hata mimi sitwangi hivi. Wa nani?"

Tembo akatazama kinu. Akatazama kigunia kitupu. Akamtazama Sange aliyekaa ukingoni. Mambo yakamjia taratibu, kama mtu anayekumbuka alipoacha kiatu.

"Wewe!" Akanguruma, mguu ukapanda juu, kivuli chake kikamfunika Sange pua na mkia. "Umetufanya wajakazi wako!"

Sange hakukimbia. Miguu ilitaka, lakini unga ulikuwa mle kinuni.

"Mzee wangu," akasema, "ulisema harusi haiwi mpaka neno lieleweke. Mimi ni mshenga, kazi yangu ni kuwaelewesha. Niambie mbele ya mama hapa: umelielewa, au hujalielewa? Maana kama hujalielewa si kosa lako. Majirani wanacho kigunia kingine."

Mguu ukasimama hewani.

"Nimelielewa!" Tembo akasema. "Nimelielewa kabisa!"

Na majini, katikati ya mapovu, sauti ikatoka: "Na mimi nimelielewa!"

Mama Tembo akamgeukia mumewe. "Ala! Kwani huyu si ndiye aliyetulindia shamba? Uliniambia kwa Kiboko wameshamtwangia tangu mavuno."

Tembo akaushusha mguu polepole, mbali na kinu. Akachukua ungo kwa mkonga, akamkingia Sange unga mpaka chembe ya mwisho.

Jioni ile kishimoni paliiva ugali wa uwele na mlenda, watoto wakala, wakalala chali bila kulia. Na siku ya harusi ngoma zilipolia, Kitembo hakikuulizwa wala Kikiboko. Vumbi tu lilikuwa linapanda.

Basi wajukuu zangu, ukimdhulumu mdogo haki yake, ipo siku utamlipa kwa nguvu zako mwenyewe huku ukidhani unacheza. Mimi nimeishia hapo, mwenye usingizi akatandike, mwenye njaa akaone kama sufuria ina ukoko.